Tepe Zako Hupimwa kwa Kuruta Uliowalea

Vijana wanaotaka kujiunga na jeshi, na hata walioapa juzi tu, huniuliza swali lile lile kwa namna mbalimbali: nifanye nini ili nidumu? Wengi hutegemea niwaeleze habari za mbio, shabaha na ujasiri. Hayo yote yamo. Lakini nimetumikia muda wa kutosha kuona wenzangu walionizidi mbio wakiondoka mapema, wengine kwa kuumia, wengine kwa kuchoka, wengine kwa uchungu wa kurukwa jina kila orodha ya vyeo inapotoka. Waliodumu na kuheshimiwa mpaka siku ya kukabidhi vifaa walifanana kwa jambo moja. Mapema katika utumishi wao waliyaona maendeleo ya askari walio chini yao kuwa ndiyo kazi yenyewe. Bunduki, ramani, gwaride na makaratasi vilikuwa vyombo vya kuifanyia kazi hiyo.

Naandika kwa urefu kwa sababu jambo hili halifundishwi vya kutosha. Kozi za vyeo zinakufunza kutoa amri, kupanga doria na kuandika ripoti. Namna ya kumpokea kijana wa miaka 18 au 19 aliyeamka asubuhi akiwa raia, ukamfikisha mahali ambapo wenzake wanalala fofofo kwa kuwa yeye yuko lindoni, hiyo unaachiwa uiokote mwenyewe njiani.

Tepe ya kwanza

Watu hudhani vyeo vinazidi kuwa vigumu kadiri unavyopanda. Kwangu tepe ya kwanza, alama ya cheo cha koplo usu, ilikuwa ngumu kuliko zote zilizofuata, na naliona hilo kwa kila koplo usu ninayemlea. Jana mlilala hanga moja, mkamsema sajini pamoja chinichini. Leo wewe ndiye unayepanga zamu, na mmoja wao ndiye atakayesimama lindo la saa nane usiku. Atakutazama usoni aone kama utapepesa macho.

Hapo wengi huteleza. Yupo anayeng'ang'ania urafiki wa zamani, akawa anawapa marafiki lindo jepesi na kazi za kivulini, na haupiti muda wale wasio marafiki wanaacha kumsikiliza. Yupo pia anayegeuka mkali usiku mmoja, akaanza kuwafokea watu anaojua mpaka majina ya mama zao. Dawa ninayoijua haina fahari yoyote: andika orodha ya zamu, ibandike mahali kila mtu anaiona, jina lako liwemo, na zamu mbaya ya kwanza uichukue wewe. Askari wanajua kuhesabu. Wakishaona hesabu yako haina upendeleo, nusu ya manung'uniko imekwisha kabla hujafungua mdomo. Nusu iliyobaki waachie. Askari asiyenung'unika kabisa ndiye anayenitia wasiwasi, maana mara nyingi ana jambo ameliweka moyoni.

Vyeo vinavyofuata sitavizungumzia sana. Vina masharti yake: muda, kozi, mitihani, ripoti ya mwaka, nafasi ikiwepo. Jitayarishe, soma, usikose kozi kwa uzembe. Ila ninapokaa na makamanda kujadili nani apandishwe, karatasi za watu huwa zinakaribiana. Kinachowatenga ni swali dogo ambalo kamanda yeyote mwenye akili huliuliza: seksheni yake, yaani kikundi kidogo cha askari anachokiongoza, ikoje yeye asipokuwepo? Koplo ambaye watu wake wanafanya kazi vizuri siku akiwa likizo, huyo amejiombea tepe ya tatu, ya usajini, bila kusema neno.

Kueleza sababu

Kuna mjadala wa zamani miongoni mwa wakufunzi: kuruta aelezwe sababu ya amri, au atii tu? Wapo wenzangu ninaowaheshimu wanaosema maelezo yanalegeza amri. Mimi nasimama na upande wa pili, na historia inanipa nguvu.

Februari 1778 ofisa kutoka Prussia, dola la zamani la Kijerumani, aliyeitwa Friedrich von Steuben aliwasili Valley Forge huko Marekani, kambi ambako jeshi la George Washington lilikuwa linapitisha majira ya baridi. Alikuta watu wenye moyo lakini kila kikosi kikipiga kwata ya namna yake. Kiingereza hakukijua cha kutosha. Akachagua watu wapatao 100, akawafundisha yeye mwenyewe uwanjani, bunduki mkononi, kazi ambayo maofisa wa zama zile waliwaachia masajini. Kundi lile likawa mfano wa kufundishia jeshi zima. Mwaka uliofuata, 1779, kanuni zake zilichapwa kuwa kitabu, na ndani yake hakuna mbinu za kwata peke yake. Anamtaka kapteni amjue kila askari wake kwa jina na kwa tabia, na anasema jambo la kwanza la kapteni ni kupata mapenzi ya watu wake kwa kuwatendea utu na kusikiliza malalamiko yao. Baadaye alimwandikia rafiki yake wa Ulaya kwamba kule kwao unamwambia askari fanya hivi naye anafanya, lakini hawa wa hapa lazima kwanza awaeleze kwa nini, ndipo wafanye.

Aliyeandika hayo alitoka kwenye jeshi lililosifika kwa nidhamu ya chuma. Hakulegea hata kidogo. Aliona kwamba mtu anayejua sababu anaibeba amri hata pale ambapo hakuna wa kumwangalia.

Chukua nafasi kati ya askari na askari kwenye doria. Unaweza kupiga kelele siku nzima, "Achaneni! Achaneni!" na bado wataendelea kusogeleana, hasa giza likiingia, kwa kuwa binadamu akiogopa humsogelea mwenzake. Nawapanga wasimame walivyokaribiana, kisha nawauliza: bomu la mkono likianguka hapa, nani anabaki kumfunga bandeji mwenzake? Wanatazamana. Nawatawanya, nauliza tena. Baada ya hapo wanarekebishana wenyewe. Mafunzo ni mahali pa maelezo, na medani ni mahali pa neno moja. Ukiyabania maneno mazoezini utalazimika kuyatoa pale ambapo hakuna nafasi ya kusikilizana.

Mtutu unaoinama

Uwanja wa shabaha ndio unaonionyesha mkufunzi halisi. Kuruta anayekosa shabaha kwa kawaida hufokewa, "Tulia! Lenga!" naye anazidi kukaza mabega na kukosa zaidi. Tatizo la wengi halipo kwenye macho. Mwili wake umeshajua kwamba bunduki itapiga kelele na kumsukuma begani, kwa hiyo nukta moja kabla ya mlio anafumba macho, anaivuta triga kwa nguvu na mtutu unainama. Risasi inakwenda chini. Yeye hajui kabisa kwamba amefanya hivyo, na ukimwambia atakukatalia kwa moyo mweupe.

Kwa hiyo simwambii. Nampakilia magazini mwenyewe, na kati ya risasi za kweli nachanganya risasi bandia bila yeye kujua ipo ya ngapi. Analala, anapiga ya kwanza, ya pili, na ya tatu inatoa mlio mdogo tu wa chuma. Hakuna mshindo, hakuna mtikisiko, lakini mtutu umezama chini mbele ya macho yake mwenyewe. Huwa kimya kidogo, halafu anasema polepole, "Nimeona, afande." Maneno hayo mawili yana kazi kubwa kuliko hotuba yangu ya saa nzima. Kutoka hapo tunashughulika na pumzi: vuta, toa nusu, shikilia, ibonyeze triga taratibu mpaka mlio ukushtue wewe mwenyewe. Nimeona vijana waliokuwa wamekwisha kata tamaa wakianza kukusanya risasi zao ndani ya duara moja siku ile ile.

Na kabla hajaishika bunduki, nampa vizibo vya masikio, nahakikisha vimeingia. Bunduki nyingi za kivita zinatoa mshindo unaozidi desibeli 150, na sauti ya ghafla inayofika 140 inatosha kuharibu sikio. Masikio hayaoti tena. Nina wenzangu ambao leo wajukuu wanawasemesha kwa kupaza sauti, kwa sababu siku zetu aliyeziba masikio alionekana legelege. Anayetaka kudumu jeshini na kufurahia maisha baada ya jeshi aanzie hapo.

Miguu

Ningepewa nafasi ya kumfundisha koplo mpya jambo moja tu, ningemfundisha kukagua miguu ya watu wake. Nasema hivyo bila kutia chumvi.

Katika majira ya baridi ya 1914 kuelekea 1915, jeshi la Uingereza lilipoteza askari wapatao 20,000 kwa ugonjwa wa miguu uliotokana na kusimama kwenye mahandaki yenye maji na baridi. Nyama ilikufa ganzi, ikavimba, wengine wakakatwa vidole au miguu. Adui hakufyatua hata risasi moja kwa hao. Tiba iliyopatikana ilikuwa ya uongozi zaidi kuliko ya dawa: soksi kavu, miguu kupakwa mafuta ya nyangumi, ukaguzi wa lazima ambao ofisa aliwajibika nao, na askari kugawanywa wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kwa miguu ya mwenzake. Hilo la mwisho nalipenda mno. Mtu aliyechoka anaweza kujidanganya kuhusu miguu yake. Ni vigumu kudanganya kuhusu miguu uliyoishika mkononi.

Nakumbuka matembezi ya usiku ya kuruta, mizigo mgongoni. Mmoja alikuwa anakanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu. Nilipomuuliza akajibu upesi, "Niko sawa, afande!" Kuruta wote wako sawa ukiwauliza hivyo. Kwenye mapumziko nilimwambia avue buti. Soksi ilikuwa imegandamana na kisigino, na ilipotoka ilitoka na ngozi. Alikuwa ameanza kusikia joto pale tangu mwanzo wa safari akaogopa kusema, asije akaonekana anatafuta kubebwa. Nilimsafisha, nikamfunga, nikamuuliza ni lini hasa alianza kusikia joto, na kwa nini soksi ilikuwa na mkunjo pale. Kesho yake nikamsimamisha mbele ya platuni, yaani kundi la seksheni kadhaa, awaeleze wenzake hatua kwa hatua: mkunjo, joto, lengelenge, jeraha, na ni wapi kwenye mlolongo huo mtu anatakiwa kusimama na kubandika plasta. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Tangu siku hiyo kwenye platuni ile kusema "mguu unawaka" kulikuwa ni taarifa kama taarifa nyingine, hakukuwa na aibu ndani yake.

Aibu hiyo ya kusema naipiga vita kila siku, kwa kuwa inaua. Daktari mmoja wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika mwaka 1855 kuhusu askari waliovimba miguu yenye maumivu makali baada ya matembezi marefu. Alidhani ni uvimbe wa kano. Ilibidi kusubiri eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, ndipo miaka michache baadaye ikaonekana kwamba mfupa ulikuwa umepasuka. Kwa miaka ipatayo 40 mtu aliambiwa amevimba, kumbe amevunjika. Leo tunajua kwamba mfupa unahitaji wiki kadhaa kuzoea mzigo, na kwamba kuruta wanaovunjika ugoko au mifupa ya nyayo mara nyingi ni wale walioongezewa mbio na mizigo haraka kuliko mfupa ulivyoweza kujijenga. Mabinti wanaumia hivyo zaidi, na chanzo kimojawapo ni kulazimishwa kupiga hatua ndefu kuliko miguu yao ili waende sawa na warefu. Kwa hiyo mimi huwaweka wafupi mbele, wao ndio watoe mwendo. Sijawahi kuona platuni iliyopungukiwa ukakamavu kwa sababu hiyo.

Maji nayo yana elimu yake. Zamani kunyimwa maji kulihesabiwa kuwa sehemu ya kumkomaza kuruta, na vijana walikufa kwa kiharusi cha joto. Kisha majeshi mengine yakaenda upande wa pili, kunywa, kunywa, kunywa, na vijana wakafa kwa maji mengi yaliyopunguza chumvi mwilini. Jeshi la Marekani lilirekebisha mwongozo wake mwaka 1998 likaweka kikomo: isizidi lita 1.4 hivi kwa saa, wala lita 11.4 hivi kwa siku. Mkufunzi anayejua hili huangalia jua, unyevu, mzigo na sura za watu. Anayeacha kujibu swali rahisi, anayepepesuka, aliyeanza kusema ovyo, huyo hatakiwi kuambiwa akaze moyo. Anatakiwa kuvuliwa mzigo, kumwagiwa maji na kupozwa hapo hapo, kabla ya kusafirishwa.

Ukali na ukatili

Mimi ni mkufunzi mkali. Kitanda kisipotandikwa sawa kinatandikwa upya, bunduki chafu inarudi mezani hata kama ni saa sita usiku, aliyechelewa anakuta wenzake wote wamesimama wanamsubiri. Sioni haya kwa hilo. Kijana anayezoezwa kumaliza jambo dogo hata akiwa amechoka, ndiye atakayekumbuka kuiweka bunduki kwenye usalama siku mikono inapotetemeka. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na jeshini mbichi yenyewe ni wiki chache tu za mwanzo.

Ukatili ni kitu kingine, na wenye kuufanya huuita ukali. Mwanahistoria wa Kirumi, Tacitus, anasimulia uasi wa majeshi ya Roma katika jimbo la Pannonia mwaka 14 BK. Kulikuwa na akida mmoja, Lucilius, ambaye askari walimpachika jina la "Lete Nyingine", kwa kuwa alizoea kuvunja fimbo yake kwenye mgongo wa askari kisha akaitisha nyingine, na nyingine. Uasi ulipozuka, yeye ndiye waliyemuua. Siwatetei waliomuua. Ninachokiona ni kwamba akida yule alikuwa na cheo, fimbo na sheria upande wake, lakini hakuwa na mtu hata mmoja.

Karibu na zama zetu kuna tukio ambalo kila mkufunzi anapaswa kulijua. Usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, katika kambi ya mafunzo ya Wanamaji wa Marekani (Marine Corps) huko Parris Island, mkufunzi aliona platuni yake inakosa nidhamu. Akaitoa kwenye hanga, akaiongoza gizani mpaka kwenye mkondo wa maji ya bahari wenye matope uitwao Ribbon Creek. Kuruta sita walizama. Walikufa kwa kutii. Walimfuata kiongozi wao majini kama walivyofundishwa, na kiongozi hakuwa amepima kina cha maji. Baada ya hapo jeshi lile lilibadilisha usimamizi wa mafunzo, likaweka maofisa wa kuwasimamia wakufunzi.

Kabla ya kutoa adhabu yoyote, au zoezi lolote la nje ya ratiba, najiuliza kama ningekuwa tayari kulieleza kesho asubuhi mbele ya kamanda na mbele ya wazazi wa huyu kijana, kwa maneno ya wazi, bila kuficha kitu. Kama siwezi, silifanyi. Halafu najiuliza linafundisha nini. Kuruta aliyesahau chupa ya maji akibeba chupa za seksheni nzima siku mbili, amejifunza kuhusu maji. Akipigwa, amejifunza kunikwepa mimi.

Amri isiyotiiwa

Hapa ndipo wakufunzi wengi wanapopita haraka, nami naomba tusipite. Tunamfundisha kuruta kutii mpaka utii unaingia kwenye misuli. Ni wajibu wetu basi kumfundisha pia mpaka wa utii. Mikataba ya Geneva ya 1949 inazitaka nchi zifundishe masharti yake kwa majeshi yao wakati wa amani, na sababu yake ni ya vitendo kabisa: siku ya ghadhabu siyo siku ya kuanza kujifunza kwamba mateka haguswi.

Ninapofundisha somo hili nawasimulia habari za Hugh Thompson. Machi 16, 1968, akiwa rubani wa helikopta ya jeshi la Marekani huko My Lai, Vietnam, aliona askari wa upande wake wakiua raia. Aliitua helikopta kati ya askari hao na wanakijiji waliojificha, akawaambia watu wake wawili, Glenn Andreotta na Lawrence Colburn, kwamba Wamarekani wale wakiwafyatulia risasi raia, nao wawafyatulie. Kisha akaita ndege zingine wakawatoa wanakijiji pale. Kwa miaka mingi wapo waliomwona msaliti. Mwaka 1998, baada ya miaka 30, jeshi lilimtunuku yeye na wenzake nishani. Andreotta alikuwa amekwisha kufa vitani wiki chache baada ya tukio lile.

Kuruta huwa wananyamaza, kisha anatokea mmoja anayeuliza, "Afande, na kama sina uhakika kama amri ni halali?" Ni swali jema kuliko yote. Namjibu kwamba amri nyingi zisizopendeza ni halali, na hizo utazitii ukiwa umekunja uso. Zilizo haramu kwa wazi huwa zinajitambulisha zenyewe: kumuua aliyejisalimisha, kumtesa aliyefungwa, kumdhuru mtoto. Ukiwa na shaka, omba amri irudiwe, kwa sauti, wengine wasikie. Wengi wanaotoa amri mbaya hushindwa kuitamka mara ya pili.

Mgeni kikosini

Kumaliza mafunzo ni nusu ya safari. Kijana anafika kikosini na begi lake, hajui mtu. Jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili lilikuwa na utaratibu wa kuziba mapengo kwa kuleta askari mmoja mmoja kutoka depo mpaka mstari wa mbele, na wengi wa wageni hao waliuawa au kujeruhiwa kabla wenzao hawajayashika majina yao. Wakongwe hawakutaka kuwazoea watu ambao pengine wangeondoka kesho. Naielewa hofu hiyo. Lakini mgeni asiyejulikana hajui ni nani wa kumuuliza, na asiyeuliza hafiki mbali.

Kwa hiyo kikosini kwangu mgeni hapokelewi na karani. Anapokelewa na askari mmoja aliyemzidi kidogo tu, mwaka mmoja au miwili, ambaye bado anakumbuka ugeni ulivyo. Huyo anamwonyesha anapolala, anakaa naye mezani, anamfundisha njia za mkato zilizo halali na kumwonya zile zisizo halali. Kazi hii humkomaza anayeongoza kuliko anayeongozwa. Nimewakabidhi wageni askari waliokuwa wanaanza kulegea, na nikaona wakinyooka, kwa sababu ghafla kuna mtu anawatazama.

Mimi mwenyewe huongea na kila mgeni peke yake. Sianzi na jeshi. Namuuliza nani alimsindikiza, nani anamtegemea, anatuma nini nyumbani. Kutokana na majibu hayo najua ni nani mshahara wake utaisha kabla ya tarehe kumi na kwa nini. Nawashauri waweke akiba tangu mshahara wa kwanza, hata kidogo, kwa maana mafao ya kustaafu huja mara moja na mtu asiyezoea kupanga fedha hatajifunza siku hiyo. Augustus, mtawala wa Roma, alianzisha hazina ya pekee ya kuwalipa askari waliostaafu mwaka wa 6 BK, na hata hivyo katika uasi ule niliousimulia kilio kimojawapo kilikuwa cha wazee waliozuiliwa jeshini kupita muda wao. Serikali nazo husahau. Askari asisahau mambo yake, wala asiisahau familia yake, ambayo inatumikia pamoja naye bila magwanda. Simu fupi kila inapowezekana, ahadi chache zinazotimizwa. Nimeona kazi nzuri zikivunjika kwa nyumba iliyovunjika mara nyingi kuliko kwa risasi.

Kuachia

Sasa niko kwenye miaka ambayo kazi yangu kubwa ni kurudi nyuma. Nampa koplo mafunzo ya wiki nzima, ratiba ni yake, makosa ni yake. Mimi nasimama nyuma ya platuni na daftari dogo. Simkatizi mbele ya watu isipokuwa mtu anataka kuumia. Jioni tunakaa wawili, naye ndiye anayeanza: kipi kilikwenda, kipi hakikwenda, angefanyaje kesho. Mara nyingi ameshayaona yote niliyoandika, na mengine sikuyaona mimi.

Wiki hii alinipigia sajini mmoja ambaye nilimpokea akiwa kuruta. Ana kijana mpya asiyelala, hali chakula vizuri, anatii kila kitu na hasemi na mtu. Akaniuliza amwadhibu au amwache. Nikamuuliza mwenzi wake ni nani, mara ya mwisho aliongea na kwao lini, na kama bado anaisafisha bunduki yake vizuri. Hayo mawili ya kwanza hakuyajua. Tukakubaliana aketi naye wakati wa kusafisha silaha, bega kwa bega, mikono ikiwa na kazi, maana kijana wa namna hiyo hasemi ukimkabili uso kwa uso. Silaha ya kijana aisimamie sajini mwenyewe, na zamu ya usiku ampumzishe kwa sasa. Usiku wa leo ukipita bila usingizi, asubuhi ampeleke kwa daktari wa kikosi, aende naye yeye, asimtume peke yake na karatasi. Atanipigia kesho saa mbili, baada ya gwaride.